Tipa Iliyommwaga Mama Mkwe

Jameni, leo nimejiaibisha mchana peupe, tena nikiwa na suti.

Nilikuwa naenda kwa kina Akinyi, mchumba wangu, kujitambulisha. Mara ya kwanza! Tukafika Katito tukakuta mvua imeharibu barabara ya kwao. Gari linaloingia huko ni moja tu: tipa kuukuu kutoka Japani, iliyobeba mchanga hadi ikachoka, kisha fundi akaiwekea paa la mabati na benchi za mbao, akaiita basi. (Basi! Hata ng'ombe wangeomba kwenda kwa miguu.)

Akinyi akaninong'oneza, "Mama yuko humo nyuma. Ametoka sokoni."

Yesu! Kwetu huku mkwe hamsogelei mama mkwe, sembuse kubanana naye kwenye benchi moja. Mimi nani nivunje mila siku ya kwanza? Nikapanda mbele kwa dereva. Heshima tupu. Hata nikajipongeza.

Tukafika salama hadi getini kwao. Dereva akasimama bila kuzima injini (ikizima, tunasukuma). Nikaona nijipange kidogo kabla ya kushuka. Nikavua koti, nikalitundika kwenye chuma fulani kando ya kiti, nikalivuta chini likae vizuri.

"Bwana, usiguse hiyo!" dereva akapiga kelele.

"Kwani ni ya nini?"

Ni ya kumwaga mchanga. Fundi stadi sana yule! Alikumbuka kuweka mapazia, akasahau kung'oa mashine ya kuinulia.

Nyuma nikasikia, "Uwi! Uwi!" Bodi zima la nyuma linainuka polepole, na abiria wanateleza wakiwa wamekaa, na magunia yao, hadi kwenye matope, mbele ya wazee waliokuja kunipokea. Wa mwisho kushuka ni mama mkwe, amekumbatia beseni la omena, wale dagaa wa ziwani. Likammwagikia lote kichwani.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi moyoni.

Nikakimbia kumwinua. Nikakumbuka siruhusiwi kumgusa! Nikabaki nimenyoosha mikono juu yake kama pasta anayebariki waumini.

Mama hakuniangalia. Akatoa omena sikioni, akamgeukia binti yake. "Akinyi, muulize huyu bwana: kama hii ndiyo heshima, akinizoea itakuwaje?"

Wazee wameamua nirudi Jumamosi. Kwa miguu.

Wa kucheka acheke sasa, Jumamosi nataka kimya.