Simu ya Torche na Ingénieur wa Katindo

Alhamisi, 26 Julai 2012

Siku mubaya kwa maendeleo. Nilikuwa karibu kabisa kufungua salle yangu, ukumbi wa kulipia kucheza PlayStation, hapa Katindo mujini Goma, ndani ya chumba changu. Viti nimepanga, televizioni nimepangusa. Halafu mulango unagongwa. Mama mudogo Marcelline! Ametoka Kalengera kwa miguu mpaka Kibati, na kutoka Kibati amepanda Fuso, lori ya kubeba makala ya kupikia. Vita imefika kwao. Godoro kichwani, sufuria mukononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama akamukumbatia mudogo wake, wakalia wote wawili, na mimi pia nikalia kidogo. Kisha Mama akasema mama mudogo atalala ndani ya chumba changu. Hapo nikalia sawasawa.

Kuna jambo zito zaidi. Bwana yake, baba mudogo Kataliko, hakuja naye. Alirudi nyuma kufungua mbuzi, risasi zikaanza, wakapoteana. Hana simu. Siku zote anasema simu inaharibu masikio. Lakini namba moja anaijua kwa kichwa, ile ya muke wake. Popote atakapofika ataazima simu ya mutu na kupiga. Ndiyo maana mama mudogo amefunga simu yake ndani ya kitenge. Anaitoa, anaitazama, anairudisha.

Nami nikaitazama. Ekye! Simu ya vitufe, rangi imetoka, ina torche. Hakuna picha, hakuna televizioni, hakuna kitu. Mutu ataletewaje habari ya bwana yake na kitu kama hicho? Nikatoa kadi yake ya namba na kuiweka ndani ya simu yangu, Tekstar, niliyonunua Birere: kioo cha kugusa, antenne ya televizioni, nafasi tatu za kadi. Mama akasema niache vitu vya watu. Nikamujibu kwamba fundi hasikilizi hofu. Mama mudogo akauliza kama Kataliko atamupata kweli. Nikamuambia atamupata, tena kwa sauti ya stereo.

Ijumaa, 27 Julai

Biashara ya mwaka!

Ile simu ya torche ilibaki bila kazi. Basi nikaenda kwa Gauthier, pale kwenye kona. Gauthier ana groupe, ile mashine ya mafuta inayotoa umeme, anatia simu za watu moto, yaani anazichaji, na ana PlayStation yenye manette mbili za kushika mukononi. Mimi nina manette moja. Mutu anayecheza peke yake na mashine anasikitisha, utadhani amefiwa. Gauthier alikuwa anatafuta torche ya kuangalia mafuta ndani ya groupe yake. Nikamupa simu, akanipa manette. Tukashikana mikono. Akaniita ingénieur mbele ya wateja, wote wakacheka. Sijui walicheka nini. Lakini nimeapa: mguu wangu hautakanyaga tena pale.

Saa sita umeme ukakatika muji muzima. Wengine wanasema ni vita, wengine wanasema ni panya. Salle itafunguliwa siku ingine.

Jumamosi, 28 Julai

Tekstar imezima. Jana nilipima antenne kidogo tu, mupira mumoja na filamu mbili, na batterie ikaisha. Mama mudogo ameona kioo cheusi, akauliza kwa nini hakiwaki. Nikamufasiria kwamba simu kubwa zinapumzika macho yakiwa yamefungwa, lakini masikio yako wazi. Akashukuru, akaiweka tena ndani ya kitenge. Roho iliniuma. Sikumaliza hata sahani yangu ya bugali.

Kutoka hapa nasikia groupe ya Gauthier, du-du-du-du, na watu wamepanga mustari na simu zao. Mama akasema tupeleke Tekstar kule. Nikamuambia nimeshapata mufumo wangu. Akauliza mufumo gani. Nikamuambia ni siri ya kazi.

Hapo ndipo nikaanza kuutafuta.

Nimeupata! Jirani yetu Sebahire anaendesha chukudu, ile trotinette kubwa ya mbao. Kila siku anashuka kutoka Kibati na viazi, bila kukanyaga kitu, bila mafuta. Muteremko unafanya kazi yote, na hakuna mutu anayeuvuna! Na baiskeli ya marehemu Papa ina dynamo. Dynamo kwenye gurudumu, waya kwenye simu, chukudu inashuka, umeme unapanda. Gauthier atakuja kupiga magoti.

Jumatatu, 30 Julai

Naandika kwa mukono wa kushoto.

Nilifika Kibati asubuhi. Barabara imejaa watu, wanashuka na magodoro, watoto, kuku. Wakati Sebahire anapakia viazi, nilikaa kando na kuchunguza magari. Land Cruiser za ONG, wale wa misaada: moteur safi, lakini matairi mapana yanakula mafuta bure. Fuso: roho ya punda, nampa heshima. Jeep moja ya wakubwa imepita mbio sana kuelekea mupakani, suspension nzuri ajabu. Mama mumoja aliyebeba mutoto akaniuliza ninacheka nini. Nikageukia dynamo yangu. Kusema kweli, niliona haya.

Bon. Nikafunga dynamo na mipira ya kamba, waya nikazipeleka kwenye batterie ya Tekstar, niliyomuomba mama mudogo asubuhi, Sebahire akanikalisha juu ya magunia. Tukashuka. Mwanzo vizuri. Halafu mwendo ukaongezeka, na dynamo ikaanza kuimba. Fiiiii! Kisha kwa nguvu zaidi: FIIIIII! Sebahire akapiga kelele niizime. Nikamuambia ndiyo kwanza inazalisha.

Sasa, watu waliotoka vitani, nyuma yao kitu kinashuka mulima kikipiga filimbi. Walidhani ni bombe! Barabara ikafunguka yote. Magodoro chini, watu juu ya mawe ya volkano, watu ndani ya maharagi. Muzee mumoja aliyekuwa na mbuzi wawili aliruka ndani ya mufereji. Sikuona uso wake, vumbi lilikuwa ndani ya macho yangu, lakini matusi yake ya Kinande nimeyasikia vizuri. Nikapiga kelele kumutuliza: Ni maendeleo, muzee! Ni maendeleo! Hakutulia.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari walituangusha chini, na haki ilikuwa yao. Tekstar ilikuwa inatoa moshi. Kioo kimepasuka, antenne imekunjamana. Kadi peke yake imepona. Nimeificha ndani ya soksi.

Sebahire hanisemeshi tena.

Jumanne, 31 Julai

Leo siku ndefu.

Mama mudogo hali tena chakula. Tangu asubuhi amekaa mulangoni, Tekstar iliyokufa sikioni, anasikiliza. Aliniambia inanuka moshi. Nikasema ni kawaida. Halafu nikamusikia anamuambia Mama kwamba kama Kataliko angekuwa mzima, angekuwa amepiga. Mama akamujibu pole pole kwamba Kataliko alikuwa mutu wa kucheka sana. Alikuwa! Ni mimi nimemuua baba mudogo, bila bunduki, na manette moja.

Basi nikavunja kiapo, nikaenda kwa Gauthier. Lakini mwanaume hawezi kwenda kuomba tu. Nikamutupia changamoto mbele ya wote: mechi moja ya mupira kwenye PlayStation yake. Nikishinda, anirudishie simu ya torche. Nikishindwa, achukue manette yake na yangu pia. Akauliza kwa nini nataka simu ile mubovu. Nikajibu ni mambo ya utafiti.

Nilichagua timu ndogo, kwa ufundi. Gauthier akachagua timu kubwa, kwa woga. Magoli sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba kipa wangu alikuwa na matatizo ya software.

Nilikuwa ninaanza kurudi mchezoni, nimepata kona, wakati Mama alipoingia; watu wa mustari walikuwa wamemupelekea habari ya mechi na ya simu. Kitenge amekifunga kiunoni, yaani ni vita. Hakuniangalia. Akamusalimu Gauthier, akamuambia ile simu ni ya mudogo wake, na bwana wa mudogo wake amepotea vitani, na namba anayoijua ni hiyo tu. Gauthier akasimama mara moja. Akaitoa mufukoni, moto umejaa, akampa kwa mikono miwili. Akauliza kwa nini hakuna mutu aliyemuambia, kwani angeileta mwenyewe nyumbani siku ile ile. Salle nzima ikanitazama. Nikauliza kama naweza kupiga kona yangu. Mama akanitoa nje kwa sikio. Nina miaka thelathini na moja!

Mulangoni kwetu nikatoa kadi ndani ya soksi. Mama akaipangusa, akaiingiza. Tukasubiri. Mama mudogo aliishika na mikono yote miwili, mimi nikaomba watakatifu wote ninaowajua na wengine niliowabuni.

Ikalia.

Mama mudogo hakuweza kubonyeza, Mama akamubonyezea. Sauti ikasema neno moja tu: Marcelline? Akakaa chini palepale juu ya mawe, akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena. Yuko Kibati! Mzima! Tangu Ijumaa anaazima simu za watu na kupiga, na kila siku mwanamuke mumoja anamujibu kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Mwisho alikuwa anagombana naye, akimuuliza amemufanyia nini Marcelline. Angekuja kwa miguu kututafuta, lakini jana aliumia kifundo.

Nimelia sana. Nimewaambia ni vumbi, lakini haikuwa vumbi.

Jumatano, 1 Agosti

Baba mudogo Kataliko amefika, juu ya chukudu ya Sebahire, mguu umevimba, mbuzi wake wawili wanafuata nyuma.

Mbuzi wawili. Nilianza kupata homa.

Wakati wa kula akatueleza. Alikuwa anashuka zake kwa amani, Jumatatu, karibu kuingia Goma, akasikia bombe. Akaruka ndani ya mufereji, kifundo kikazunguka, ikabidi wamurudishe Kibati kwenye kambi. Kumbe haikuwa bombe, ilikuwa chukudu na mujinga mumoja juu yake anayehubiri maendeleo. Akasema akimupata mutu huyo, fimbo yake iko tayari. Sebahire akanitazama. Mama akanitazama. Mimi nikatazama mbuzi. Nikasema kweli, siku hizi watu hawana akili, na nikamupa baba mudogo kitanda changu kwa hiari. Sasa nalala jikoni.

Furaha yao haijakamilika. Mutoto wao mukubwa, Mapendo, na watoto wake bado wako njiani, upande wa juu, hakuna anayejua ni wapi. Yeye pia anajua namba hiyo moja. Muzee, adui wa simu, ameibusu ile torche mbele yetu wote. Amesema hakuna mutu wa kuizima.

Jumapili, 5 Agosti

Wote wamekwenda Misa kushukuru na kuombea Mapendo. Mimi nimebaki, kichwa kinaniuma. Rezo ya simu ni mubaya kule kanisani, kwa hiyo simu wameniachia. Mama alinipa maagizo kwa Kiswahili, kisha kwa Kinande: ikilia nipokee, niulize yuko wapi, niandike. Nisiguse kitu kingine chochote. Nikaapa. Nilikuwa na nia njema kabisa.

Lakini hebu fikiria. Tangu Jumanne simu hii inawaka, na batterie haijashuka hata kidogo! Tekstar inakufa baada ya mupira mumoja. Ndani ya hii takataka kuna siri. Mutu akiitoa siri hiyo na kuiunganisha na antenne yangu ya televizioni, ambayo nimeinyoosha vizuri, Gauthier amekwisha! Goma nzima itakuja kwangu! Na mama mudogo atapata televizioni, zawadi, bila kutoa kitu. Kuangalia tu si kugusa.

Nimetandika gazeti. Tournevis, bisibisi ya kufungulia visi, iko mukononi.

Imelia! Namba nisiyoijua. Mapendo! Ni mzima, watoto wazima, ameazima simu ya mupita njia. Alikuwa analia, alitaka kusema wako wapi. Nimemutuliza vizuri sana. Nimemuambia asihangaike, arudie kupiga baada ya saa moja, kwa sababu ninataka kufungua simu sasa hivi, na wakati huo tutaongea kwa sauti safi zaidi. Nimekata.

Haya. Visi ya kwanza.