Cheti Bila Chai

Jumatatu, 2 Julai

Leo tumesimama, Mama na mimi, mbele ya meza namba nne ya ofisi ya serikali, na bado naogopa. Darasa la kumi nimepata asilimia tisini na moja. Bweni la wasichana la mjini Pune limenikubali bila ada, mradi tupeleke cheti cha kipato kinachothibitisha kwamba sisi ni maskini. Jambo rahisi. Hata paa letu linaweza kutoa ushahidi. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13. Bila cheti, nafasi inakwenda kwa Mrunal Patki, aliyepata tisini, na mimi nabaki kushona vifungo vya blauzi pembeni mwa Mama.

Cheti hutolewa na karani, Bwana Kulthe. Ana sauti laini na peremende mezani. Alituambia faili letu limelala. Mama akauliza litaamkaje. Akajibu kwamba mafaili ya hapa huamshwa kwa chai, na chai ya faili hili ni rupia elfu moja. Hizo ni blauzi kumi za Mama! Kisha akanipa peremende na kunipongeza kwa masomo.

Baba yuko Gujarat na lori. Kwa hiyo wa kupanga mambo ni mimi.

Jumanne, 3 Julai

Mpango wa kwanza. Nimenakili vifungu vitatu vya Sheria ya Kuzuia Rushwa kwa wino wa rangi mbili, nikaenda kumsomea. Nilipofika mezani sauti haikutoka. Nilimpa karatasi tu. Aliisoma yote, polepole, akausifu mwandiko, akaiweka chini ya glasi yake ya maji. Halafu akaniuliza kama sisi ndio wenye ule mlango wa buluu, karibu na kinu cha kusaga. Na Baba hurudi lini?

Aliuliza kwa upole. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mrunal alikuwa nje ananingoja. Baba yake alilipa siku ya kwanza na cheti kilitoka kabla ya chakula cha mchana. Akaniambia, "Ketaki wewe, huu si mtihani kwamba utaupata kwa kukesha na vitabu. Toa chai, shoga yangu, twende nyumbani."

Nikageuka nikaondoka peke yangu. 

Jumatano, 4 Julai

Nimepiga ile namba ya simu iliyochorwa ukutani pa kituo cha basi, ya kuripoti rushwa. Nilikata mara mbili. Mara ya tatu mwanamke akapokea, akajitambulisha kuwa Inspekta Salvi, akataka kuzungumza na mtu mzima. Nikampa Mama simu. Mama akasema shikamoo, akanirudishia.

Anakuja kesho. Tumefunga mlango wa buluu kwa komeo la juu na la chini.

Ijumaa, 6 Julai

Inspekta Salvi ni mwanamke wa Mumbai, anavaa suruali na hanywi chai yenye sukari. Alimpa Mama kinasa sauti kidogo akifiche ndani ya blauzi, arudi mezani, amwache Bwana Kulthe aseme mwenyewe. Mama alirudi kijasho kikimtiririka. Lakini sauti imo! "Elfu moja, dada, na hapo nimepunguza kwa sababu binti ana akili."

Inspekta alifurahi. Nilisikia fahari kidogo, maana akili iliyotajwa ni yangu. Kisha nikakumbuka sauti hiyo inajua mlango wetu, nikaenda kukagua makomeo.

Jumatatu, 9 Julai

Kesho ni mtego. Polisi mmoja alipaka unga mweupe kwenye noti mbili za mia tano za Mama. Anayezishika, unga unambakia vidoleni bila yeye kujua. Ukimtumbukiza mkono kwenye maji ya magadi, maji yanageuka waridi. Huo ndio ushahidi. Tuliambiwa tusiguse. Niligusa kidogo tu, kuona kama unga unanuka. Haunuki.

Tutafuatana na shahidi, Bwana Tambe wa idara ya kilimo, atakayejifanya mjomba. Naye anaogopa. Aliuliza mara tatu kama jina lake litaandikwa.

Ikabaki ishara. Mama akiombwa pesa na akazitoa, awajulishe vipi polisi walio nje? Inspekta alitaka akohoe. Nikasema mahali pale kila mtu anakohoa kwa vumbi la mafaili. Bwana Tambe akataka avue kidani. Mama akakataa, maana ni kidani cha ndoa. Ndipo mimi nikatoa wazo: avute pindo la sari afunike kichwa! Hakuna atakayeshuku. Inspekta akasema nina kichwa cha upelelezi.

Sijaweza kula. Lakini wazo ni zuri.

Jumanne, 10 Julai

Afadhali ardhi ingenimeza.

Tuliingia saa tano. Bwana Kulthe akatukaribisha, akamwamkia mjomba, akavuta droo. Akasema, "Haya dada, sasa lile faili letu..." Hapo hapo, barabarani, matoazi! Kundi la mahujaji wa kwenda mji mtakatifu wa Pandharpur lilikuwa linapita kwa miguu na bendera zao, likimwimbia mungu wetu Vithoba. Mama akageukia dirisha, akafumba macho, akaunganisha viganja. Na, kama afanyavyo kila mwaka tangu aolewe, akavuta pindo la sari akafunika kichwa.

Polisi saba waliingia kwa mlango. Wa nane kwa dirisha. Inspekta akamdaka Bwana Kulthe viganja vyote viwili, akavitumbukiza kwenye maji ya magadi. Sote tukainama kutazama. Maji yalibaki meupe kama ya mvua. Noti zilikuwa bado kifuani kwa Mama.

Lakini meza ya pili, ya tatu na ya tano hazikujua mtego ni wa nani. Kila karani akadhani ni wake. Noti zilirushwa madirishani kama pumba. Muuza juisi ya miwa pale chini alipiga kelele, "Jamani njooni, leo serikali inarudisha!"

Bwana Tambe alikuwa chini ya meza.

Bwana Kulthe hakukasirika. Alikaa, vidole vyake vikidondosha maji, akaniangalia mimi. Si Mama, si Inspekta. Mimi. Kisha akaomba kitambaa.

Jumatano, 11 Julai

Inspekta alitaka kujua nani alileta wazo la sari. Nilitazama dari. Mama akamuuliza, "Kwani mwanangu, Vithoba anapita, mimi nikae kichwa wazi?" Inspekta akafunga daftari lake.

Lakini kumbe kesi haijafa. Ile sauti ya Ijumaa inatosha kumfikisha kwa hakimu, maana kuomba rushwa ni kosa hata usipoipokea. Sharti Mama na mimi tusimame mahakamani tuseme: ni yeye, aliomba, tulisikia. Bila maneno yetu, hiyo ni sauti tu ya mtu anayetaka chai. Huenda ikachukua miaka minne. Akatuuliza kama tutasimama. Nikasema tutasimama. Nilisikika kama panya.

Tulikwenda kuulizia cheti. Ofisi nzima imekuwa nyoofu kama rula. Karani mpya wa meza namba nne alitusomea kanuni: siku kumi na tano za kazi, bila kupunguza. Hata moja. Nikamwambia mwisho ni kesho kutwa. Akasema anasikitika sana, na akatazama mlango kuhakikisha kuna aliyemsikia akisikitika. Foleni ilifika hadi uwanjani. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya shamba lake alinitambua. "Ni wewe, binti? Ungetuachia wezi wetu. Wale walau walikuwa wanafanya kazi."

Jioni nilifua nguo kwa magadi. Mikono ikageuka waridi! Nilipiga kelele Mama akadhani nimejikata. Mtego mzima wa serikali umemnasa mtu mmoja, naye ni mimi. Je, Inspekta akiniona? Nikavaa glavu za sufu za Baba na kwenda kuchota maji. Mrunal akaniuliza kama siku hizi nasaidia nyati wa maziwa kuzaa.

Alhamisi, 12 Julai

Mlango uligongwa asubuhi. Nikachungulia. Bwana Kulthe! Peke yake, mwavuli mkononi, mvua inamwagika. Nilidhani mwisho wangu umefika. Mama akafungua, kwa sababu mgeni aliyelowa ni mgeni.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikonda kwa siku mbili, mtu yule. Alisema kwamba ana binti wa darasa la nane, na kwamba mtu akisimamishwa kazi mji mzima hujua kabla mkewe hajajua. Kisha akatoa bahasha. Ndani, cheti chetu! Muhuri, sahihi, kila kitu. Akaeleza kwamba alikisaini zamani, Jumatatu ya wiki jana, ila hakupata nafasi ya kutukabidhi.

Halafu akatoa karatasi tupu. Alichohitaji ni barua fupi kwa Inspekta, kwamba kulikuwa na kutoelewana, na kwamba hajawahi kutuomba chochote. "Usidhani ni kubadilishana, binti. Huku ni kusaidiana." Bahasha aliishikilia mpaka nilipoanza kuandika.

 Mama alikuwa anakanyaga cherehani. Nilipotazama, hakukuwa na uzi.

Niliandika mara tatu ili isiwe na kosa. Mama akatia sahihi, akauliza tu, "Na yule mwanamke wa watu?" Nikamwambia Inspekta atafurahi, maana shida imekwisha. Bwana Kulthe akatuachia bahasha, na juu yake cheti cha ukaazi ambacho hatukuwa hata tumekiomba! Kumbe si mtu mbaya, akiondolewa vishawishi.

Inspekta alipiga simu mchana. Nikamweleza habari njema.  Akaniuliza ile sheria ya rushwa nilifundishwa na nani. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba nilijisomea mwenyewe. Akakata simu bila kuaga. Huenda ni mtandao. Mvua ilikuwa kubwa.

Jumapili, 15 Julai. Pune

Nimefika! Vyeti vilipokelewa Ijumaa saa nane mchana, masaa mawili kabla ya kufunga. Mrunal amebaki wa kwanza kwenye orodha ya kungojea. Nimemwandikia barua ya kumtia moyo.

Wasichana wa chumbani walinisikiliza kwa makini nilipowasimulia. Niliwaambia nchi hii itabadilika siku watu wa kawaida watakapokuwa na msimamo. Mimi niliogopa kila siku, lakini sikutoa hata rupia moja. Msichana wa Nashik alinipa nusu ya ladu yake, kitafunwa kitamu alichotoka nacho kwao.

Nimepangiwa kitanda cha chini ya bomba linalovuja. Cha dirishani kiko wazi. Nilimuuliza karani wa bweni, naye akanikumbusha kwa upole kwamba vitanda hivyo vina wenyewe, ila angependa sana kujua ni nani huingiza chakula vyumbani kinyume cha kanuni. Nikaomba anihakikishie kwamba hakuna malipo yoyote. Akaniapia.

Nimemtajia watatu. Dirishani kuna hewa safi sana. Ninachoogopa sasa ni kwamba mmoja wao, wa Nashik, analia na hasemi kwa nini.