Askari Wangu Wanampiga Mwenye Nyumba

Mheshimiwa Daktari wa Viungo, Chumba Namba Nne,

Pokea salamu zangu, ingawa kalamu nimeishika kama mchi.

Mimi ni yule bawabu wa ghala la magodoro. Juzi ulinieleza kwamba huu si uzee wala baridi, ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, walioacha kupambana na vijidudu, wao wenyewe wakavamia viungo vyangu. Ukanipa vidonge vya kuwapunguzia makali. Sivitaki. Nataka wafukuzwe kazi wote, kwa sababu hizi:

1. Nimewalisha miaka sitini na saba. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hubeba mzigo.

2. Hushambulia asubuhi, sijanawa hata uso. Saa nzima vidole havikunjiki. Mke wangu hunifunga vifungo huku akisema, "Tulia, bwana harusi."

3. Hawana upendeleo. Kikivimba kifundo cha kulia, cha kushoto nacho lazima kipate haki yake.

4. Ulisema mmoja akishuku jambo huwaita wenzake, na wenzake huwaita wengine. Huo si ulinzi, ni kiherehere! Wanatafuna gegedu, ule mto laini wa kiungo, kesho watahamia mfupa, na ndani hamna mwizi hata mmoja.

5. Mafua yalinikalia wiki mbili. Mafua! Wao walikuwa wapi? Gotini.

6. Ufunguo wa lango siwezi kuuzungusha tena. Meneja kaniambia, "Mzee, Jumatatu ukishindwa, ukapumzike nyumbani." Nipumzike na nani? Na hao?

Basi watimuliwe bila notisi, na nafasi zao zisitangazwe. Utasema nitabaki bila ulinzi. Afadhali mwizi, Daktari. Mwizi akishachukua huondoka.

Nisalimie wote hapo, hata yule muuguzi wa mizani aliyenipunja kilo mbili.

Ni mimi, mwenye vidole vya ndizi,
Bawabu

Tanbihi: Mke wangu kaisoma barua hii, akaniuliza kama nimesahau mwaka wangu wa kwanza kazini. Sijasahau. Mwenye ghala alikuja kwa miguu, kavaa kandambili, nikamshuku. Nikapuliza filimbi, mabawabu wa jirani wakaja mbio, tukamtwanga mpaka mkwewe alipofika kumtambua. Hakunifukuza. Alininyang'anya rungu na filimbi, akaniacha langoni, na tangu siku hiyo ghala halijaibiwa hata foronya. Sasa vile vidonge, Daktari, humezwa kabla ya chakula au baada?