Kombe la Nne

Jumatatu, 7 Oktoba 2013
Tumeingia fainali tena! Makombe matatu mfululizo, la nne linanukia. Chuo chetu kinaogopwa Scarborough nzima, huku ughaibuni, na kocha ni mimi, Bernard, mtoto wa Tabora. Asubuhi Bi Philomena, mkuu wa michezo, Mgoa wa Mombasa, akaniita ofisini. Nikajua ni pongezi. Wapi! Akasema wapinzani wameshatuzoea, tunashinda kwa kubahatisha, na anayetaka kudumu sharti abadilike. Nikilikosa kombe Jumamosi, timu atapewa mwingine. Haya. Kama ni kubadilika, watanikoma!

Jumanne, 8 Oktoba
Nimebadilisha. Samson, kipa wetu mrefu, sasa ni mshambuliaji. Washambuliaji wamekuwa mabeki. Jacqueline, msaidizi wangu, binti mbishi wa Moshi, akanikumbusha kwamba timu inayoshinda haibadilishwi. Nikamwambia huo ni msemo wa wavivu. Akauliza, sasa golini anakaa nani, Kocha? Nikapuliza filimbi, mazoezi yakaendelea.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepanda basi hadi Malvern kumpeleleza Menino, kocha wa wapinzani. Jitu la majivuno, linavaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Nikajibanza nyuma ya pipa la taka. Loh! Wanafanya mazoezi ya mchezo wetu, zile pasi fupifupi, vilevile! Mwizi mkubwa. Nikarudi mbio kuwatangazia vijana kuwa sasa ni mipira mirefu tu, kama alivyocheza Menino mwaka jana. Jacqueline akasema mwaka jana, kwa mipira hiyohiyo, tulimtandika Menino matano bila. Ana wivu, huyu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Vijana wananuna. Waliozaliwa hapa wananijibu Kiingereza kitupu. Nimetambua kwamba mbinu za uwanjani hazitoshi. Kwetu kila timu kubwa ina kamati ya ufundi, na kila mtu anajua si ufundi wa kupiga chenga. Basi nimeiunda. Mwenyekiti mimi, mjumbe mimi. Agizo la kwanza: kesho hakuna kupita geti kuu la uwanja, huenda Menino kafukia kitu pale. Tunaruka uzio, kinyumenyume. Jacqueline akauliza Menino, anayesoma somo kanisani kila Jumapili, afukie nini. Nikamjibu, haohao ndio wa kuogopwa!

Jumamosi, 12 Oktoba
Aibu, jamani. Vijana wote wamepita getini, wanacheka. Nikaruka peke yangu. Suruali ikanasa kwenye waya. Mlinzi akanikuta naning'inia, akataka maelezo. Nikamweleza habari za kamati ya ufundi, tena kwa ufasaha. Akanifungia kibandani.

Dirishani nikaona yote. Dakika chache tu, tumeshafungwa mawili bila. Samson anahangaika mbele kama twiga aliyepotea. Golini kasimama winga, anaukwepa mpira! Nililia, sioni haya kusema. Nilimwona Bi Philomena jukwaani, kakunja uso, nikajua kazi yangu ndiyo hiyo inaondoka.

Kipindi cha pili Jacqueline akamrudisha Samson golini na kila mtu mahali pake. Nikapiga ngumi dirisha: msaliti! Kisha akabadilisha kitu kimoja. Winga wa kulia akaenda kushoto, wa kushoto akaja kulia. Mabeki wa Menino, waliotukariri mwaka mzima, wakabaki wanageukageuka. Moja. Mbili. Tatu! Kombe letu! Nikamkumbatia mlinzi. Hakupenda.

Jumapili, 13 Oktoba
Bi Philomena kanipigia simu baada ya misa. Kanishukuru kwa miaka yote. Kocha sasa ni Jacqueline. Eti mwenzangu alitazama kwanza, ndipo akabadilisha, tena kidogo tu. Nikamuuliza nani aliwachosha wapinzani kwa kuwachanganya kipindi cha kwanza. Akaniombea heri, akakata simu. Roho imeniuma. Jacqueline naye kanitumia ujumbe kuwa mlango wake uko wazi, nije kuwatazama. Kuwatazama! Mimi!

Jioni neema ikashuka. Menino kafukuzwa! Kiti chake kiko wazi, na nimeshawaandikia barua ya kuomba kazi. Nimewaambia ukweli bila kuficha: wana timu nzuri, ila ina kasoro moja kubwa, kila mchezaji anacheza nafasi anayoiweza. Wakinipa kazi, nitaiondoa wiki ya kwanza.