Bibi Harusi Hashuki

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu! Nimeyaandika maneno haya mara nne kwenye jalada la daftari na bado sijachoka kuyasoma. Tulioana Jumamosi. Tangu hapo hatujakaa peke yetu hata dakika kumi: sebuleni wageni, jikoni wageni, mpaka uani wageni. Leo tumepanda treni kwenda kwa kaka, nilikopata kazi. Fungate ya relini, nilidhani. Kumbe wanaume wanalala vyumba vyao na wanawake vyao! Nilimtolea mhudumu wa behewa cheti cha ndoa. Alikisoma chote, akanipa hongera, akanionyesha kitanda changu: cha juu kabisa, kati ya wanaume watano na soksi zao.

Ijumaa, 7 Juni

Ukuta mmoja tu unatutenganisha. Nimepenyeza barua ya mapenzi chini ya mlango wa chumba chao. Aliyeiokota ni mkunga mstaafu, aliyejipa kazi ya kumlinda mke wangu. Akaisoma kwa sauti. Baadaye alinikuta koridoni, akaniambia kwamba amezalisha miaka thelathini na hajawahi kuitwa nuru ya macho, hivyo ahsante sana. Chumba kizima kilicheka. Mke wangu pia. Kicheko chake, hata akinicheka mimi, ni kitu cha ajabu!

Faraja: kesho treni itasimama katika mji wa ziwani kwa muda wa saa mbili, kungoja abiria wa meli. Mimi, yeye na ziwa! Kwa kaka kuna vyumba viwili na watu watano. Nafasi ni hii tu.

Jumamosi, 8 Juni

Nilimwagiza mke wangu anifuate kwenye benchi la ufukweni. Hatari ilikuwa moja: mkunga. Akishuka, ataandamana naye. Kwa hiyo treni iliposimama, mke wangu akiwa ameenda kunawa, nilimwambia mkunga kwa uso mkavu kwamba ratiba imebadilika, tunaondoka baada ya dakika kumi, asithubutu kushuka na miguu yake ile. Akanishukuru.

Nikakimbia. Nikapata benchi, nikalipangusa kwa leso, nikanunua soda mbili. Ziwa limetulia kama shuka lililopigwa pasi. Nikangoja. Soda yangu nikainywa. Yake ikapata joto. Saa nzima na nusu!

Nilirudi mbio. Behewa limejaa, watu wanatokwa jasho, hakuna aliyeshuka. Mkunga alikuwa amepita chumba hadi chumba akiwaonya. Mke wangu nilimkuta analia ndani ya gauni lake la buluu. Alitaka kushuka anitafute, akidhani nitaachwa. Wanawake wanne wakaziba mlango: bibi harusi hashuki!

Nikakiri mbele ya wote. Mkunga alinitazama kama anayepima homa. Akasema, mwanangu, tangu jana nimekubaliana na wenzangu hawa tushuke sote, tuwaachie chumba mpaka honi ipigwe.

Honi ikapigwa.

Jumapili, 9 Juni

Tumefika. Nimetafakari kosa langu kwa unyofu, na nimeliona: nilisingizia treni. Treni ni ya watu wote. Ugonjwa ni wa mtu binafsi.

Tangu mchana shemeji, mke wa kaka, anapanga nguo za watoto kwenye begi huku akinong'onezana na mke wangu. Nikiingia, wananyamaza na kutabasamu. Sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nilikuwa na mpango. Mezani nikatangaza, kwa huzuni, kwamba mke wangu ana kikohozi cha kuambukiza na asilale na mtu ila mimi niliyekwisha kukizoea. Mke wangu akanikazia macho, yale makubwa, mazuri. Kaka akaweka kijiko chini.

Shemeji akasema, ungesema mapema, shemeji yangu. Akalifungua begi, akazirudisha nguo kabatini moja moja. Walikuwa waende wote kwa mama yake wiki nzima, watuachie nyumba. Sasa hawezi kumwacha mgonjwa. Amemlaza kitandani kwake, amempaka dawa kifuani. Kaka na mimi tuko sebuleni, godoro moja.

Mpango haukuwa na kasoro. Mgonjwa ndiye hakufaa. Kesho ninaumwa mimi.