Suti Nyeusi Mtaa wa Inkerman

Jumatatu, 2 Machi

Glenys wangu,

Noreen wetu kapiga simu tena. Kaanza na habari za mvua, kaishia na kulia. Anasema baba yake hawezi kuendelea kukaa peke yake huku kaskazini, nusu ya wateja wamekimbia. Chumba cha nyuma kule kwao Swindon kiko tayari. Mumewe Keith amekipaka rangi. Rangi ya uji! Nikauliza Keith mwenyewe anasemaje. Akajibu Keith anauliza tu kama nakoroma.

Basi tumekubaliana, maana mtoto akilia mimi hukubali chochote. Nikipata wateja wapya wa kujaza Jumatano na Alhamisi zangu kabla ya Jumapili, nabaki. Nikikosa, kigari kinauzwa, nyumba inauzwa, na Noreen anakuja na ndoo na dawa zake kusugua kila kitu, wanunuzi wasione uchafu.

Kila kitu. Unajua ninachowaza. Kioo cha dirisha la jikoni, kile ulichokuwa unachora kikombe kwa kidole, kwenye mvuke, kuniita chai nikiwa uani. Upande wa ndani sijaugusa tangu uondoke. Birika likichemka kikombe kinarudi, mkono wake umepinda vilevile. Maisha yangu yote ni kusafisha vioo, na hicho kimoja sikisafishi.

Habari njema: Mzee Arkwright, msafisha vioo mwenzangu, amestaafu. Magoti. Mtaa wa Inkerman hauna mtu! Alipokuwa kazini nisingethubutu kubisha hata mlango mmoja kule. Mtaa wa mwenzako huugusi. Sasa uko wazi.

Habari mbaya: Desmond Halliwell naye amesikia. Yule mwenye brashi ya mti mrefu na tangi la maji, na picha ya meno yake ubavuni mwa gari. Ndiye aliyezoa wateja wangu wa mlimani wakati nimekaa nawe wodini. Yeye mtaa wa mwenzake anaugusa tu.

Tatizo ni kubisha. Mimi nilikuwa wa ngazi, wewe ulikuwa wa kubisha. Ulipita kichochoro cha nyuma, ukaingia jikoni kwa mtu, ukatoka baada ya saa nzima na habari za nyonga mbovu za mtaa mzima. Na mteja, sawa. Lakini muda uliopotea! Kesho nabisha kitaalamu. Mlango wa mbele. Suti. Tai.

Jumanne, 3 Machi

Suti ninayo moja. Unaijua, ndiyo niliyoivaa siku yako, pale makaburini.

Nyumba ya kwanza: nilipobisha tu, televisheni ikazimwa. Pazia likatikisika. Sauti ikatoka kwenye tundu la barua, ikasema mama hayupo, kochi ni la jirani na televisheni ni ya shangazi. Nikainama nikaliambia tundu kwamba mimi si dalali wa mahakama. Sauti ikasema hivyo ndivyo wanavyosema wote.

Nyumba ya pili, mtu kalala chini nyuma ya kochi. Niliona miguu. Soksi za kijani. Nikapunga mkono kwa adabu. Soksi zikavutwa ndani.

Nyumba ya tatu, mwanamume alinipigia kelele kupitia kioo. Kwani sina akili? Mlango huu mara ya mwisho ulifunguliwa kumtoa babu yake kwenye jeneza, na hata hapo waliita seremala.

Mlango mmoja tu ulifunguka. Wa Bi. Pickersgill, yule mwenzako wa bingo. Akaiona suti. Akaiona tai. Akakaa chini kwenye ngazi zake, kashikilia kikuta cha pembeni, akauliza aliyekufa ni Trevor au ni Malcolm, wanawe. Nikasema hapana mama, ni madirisha. Akauliza madirisha yamemfanya nini Trevor.

Ilibidi nimchemshie chai mwenyewe, sukari nyingi. Alipopata nguvu akasema mtu anayebisha mlango wa mbele kavaa nyeusi wakati watu wanakula anastahili kufungwa, na kwa mshtuko ule hawezi hata kuwaza madirisha hadi Pasaka. Hakunitambua. Nani anitambue? Miaka yote niko juu ya ngazi, watu hapa wananijua kwa soli za viatu.

Suti haina kosa lolote. Ni watu.

Jumatano, 4 Machi

Wazo limenijia nikila mkate wa kuchoma. Wazo kubwa! Kwa nini niombe kazi wakati kioo kinaweza kuniombea? Nasafisha kioo kimoja cha kila nyumba, bure, bila kumwambia mtu. Kinang'aa. Vingine vyote pembeni yake vinaonekana kama vimepakwa matope. Mwenye nyumba anatoka, anaona aibu, ananitafuta.

Nilimaliza upande wa kushoto wote kabla mtaa haujaamka vizuri. Nikarudi nyumbani nikakaa karibu na simu.

Simu haikulia. Alikuja askari.

Kijana mpole, kofia mkononi; kigari changu kilikuwa kimeonekana kule alfajiri. Kumbe kundi la simu la mtaa limechafuka. Kuna aliyeandika kwamba wezi wameweka alama kwenye nyumba zitakazovunjwa, kioo kimoja safi kwa kila nyumba. Mwingine akaandika kwamba jana yake kuna mzee wa suti nyeusi alikuwa anapeleleza mtaa kwa kupitia matundu ya barua. Askari aliniuliza kama naweza kueleza. Nilieleza. Akaandika, akaacha kuandika, akaniomba nieleze tena polepole. Mwisho akasema hajawahi kusikia mwizi anayeacha mahali pakiwa safi kuliko alivyopakuta, akanywa chai, akaenda.

Subiri, bado. Nani aliwaokoa watu wa Inkerman? Desmond! Kapita na brashi yake mchana, kasafisha vioo vyote vilivyobaki vya mbele ili alama zisionekane. Bure! Na kesho amewaahidi vya nyuma. Amenikuta dukani kwa muuza nyama, akanipiga begani mbele ya foleni nzima. Eti, "Mzee wangu, asante kwa kunisafishia njia. Kapumzike sasa babu, ngazi zitakuua." Muuza nyama akacheka hadi akakata soseji vibaya.

Nimekula soseji hizo kwa hasira.

Alhamisi, 5 Machi

Leo ni vita. Desmond kasafisha Inkerman? Vizuri. Vichafuke tena.

Njiwa, Glenys. Njiwa hawatozi chochote. Nilichukua mikate yote mikavu ya wiki, nikatia kwenye mfuko, nikapita mtaa mzima nikitupa vipande juu ya vizingiti vya madirisha. Taratibu, kama mtu anayetembea tu. Sikuvaa suti. Nimejifunza.

Walikuja! Njiwa wa soko zima nadhani. Lakini hawakutua madirishani. Waliutazama mfuko. Nikatembea, wakatembea. Nikavuka barabara, wakavuka. Nikakimbia, na magoti yangu haya, wao wanaruka juu yangu kama kundi la waombolezaji waliochelewa. Mfuko ulipasuka nikifungua lango la uani kwetu. Mkate wote chini.

Wamelala hapa. Juu ya bomba, juu ya kamba ya kuanikia, juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni. Sitaki kueleza hali ya kioo upande wa nje.

Noreen kapiga. Kauliza kelele gani hizo. Nikasema redio.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Njiwa bado wapo. Noreen kauliza kama Keith aje na gari kubwa au dogo.

Jumamosi, 7 Machi

Hata sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilitoa ndoo kusafisha kioo cha jikoni kwa nje, angalau nikikaa ndani nikione kikombe chako vizuri. Birika nimeliacha linachemka. Nikiwa hapo, Bi. Pickersgill akapita kichochoroni na kikapu. Akasimama. Akatazama kizibao changu cha kazi, ndoo, ngazi, halafu viatu. Viatu ndivyo alivyovitazama sana.

Akauliza, kwani wewe si Wilfred wa Glenys?

Nikasema ndiye.

Basi! Alinishukia pale pale langoni. "Shemeji, una wazimu? Unakuja mbele kama mtu wa majeneza, unataka kuniua, kumbe ni wewe? Mlango wa nyuma umeota miba?" Nikajitetea kwamba nilitaka kufanya kitaalamu. Akasema utaalamu huo niupeleke kwa maiti. Akasukuma lango, akawapungia njiwa wale, akaingia jikoni kwetu bila kuulizwa, eti nimempikia chai Jumanne na leo ni zamu yake.

Nilikuwa bado nje. Nikamwona kupitia kioo. Mvuke umejaa, kikombe kimetokea. Na yeye, kwa wema wake wote, ameshika kitambaa cha vyombo, amenyoosha mkono akipanguse kioo anione.

Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele vile, hata siku ile ngazi iliponiangusha pale kanisani. Njiwa wote waliruka.

Mkono wake ukasimama hewani. Nikaingia na maji yananichuruzika, nikamwambia ni kikombe chako, ndicho ulichokuwa unaniitia chai. Bi. Pickersgill, Glenys! Alikitazama kile kikombe muda mrefu, kisha akakikunja kitambaa, akakiweka mbali kabisa, juu ya jiko.

Akasema, "Masikini. Hakujua kuchora hata kidogo."

Nikacheka. Na yeye akacheka, akijifuta macho, kikapu bado kinaning'inia mkononi. Akasema ulikuwa unaandika namba zako za bingo vilevile, zimepinda, hadi siku moja walikataa kukulipa.

Halafu akafungua mlango wa nyuma, akawaita wenzake wa Inkerman kwa sauti ya kuvunja vioo nilivyosafisha. Wamekuja mmoja mmoja kupitia kichochoro. Hata mwenye soksi za kijani. Jikoni pakajaa, nikaazima vikombe kwa jirani. Ndipo nikasikia yaliyompata Desmond. Juzi Alhamisi aliingia kichochoro cha Inkerman kusafisha nyuma, hakubisha, hakuuliza, akafungulia maji. Na Alhamisi ndiyo siku yao ya kuanika! Shuka za mtaa mzima zilikuwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Walimfukuza kwa miti ya kuinulia kamba za nguo hadi barabarani.

Kila mmoja alitaka kujua naweza kuanza lini. Jumatano, nikasema. Alhamisi asubuhi mapema, kabla ya kuanika. Na nipite nyuma, akasema Bi. Pickersgill, na nikae chini ninywe chai kama binadamu. Wakaniambia habari za nyonga zao hadi jioni.

Jumapili, 8 Machi

Nimempigia Noreen. Jumatano imejaa, Alhamisi imejaa. Akalia tena. Keith amebaki na chumba chake cha uji. Nimemsikia akishangilia huko nyuma. Nadhani ni mpira.

Nimekaa kutafakari, kwa sababu mtu lazima ajue kilichomfanikisha. Jibu liko wazi. Njiwa! Bila njiwa kioo kisingechafuka, bila kioo nisingekuwa uani, bila uani Bi. Pickersgill asingeona viatu. Mpango ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ulihitaji muda tu.

Kwa hiyo wiki ijayo napanda mlimani kuwachukua tena wateja wangu kutoka kwa Desmond. Muuza mikate ameahidi kuniwekea iliyokauka, mifuko miwili. Suti nimeipeleka kwa dobi. Kule juu milango ya mbele ni mipana, na naamini watu wa kule wanathamini tai.

Birika linachemka. Kikombe kimerudi, mkono umepinda. Nakuja, Glenys, nakuja kunywa.

Huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke.

Wilfred