Kengele, Biskuti na Babu wa Pili

Jumatatu, 4 Mei

Barua imefika kutoka chekechea ya Kidoti, mjukuu wangu, umri wake miaka minne. Ijumaa kila mtoto aje na mzee mmoja wa familia, amtambulishe kwa wenzake. Mzee mmoja! Wamepigia mstari.

Mwezi uliopita barua hii isingeninyima raha. Sasa nyumba ina babu wawili. Wa pili ni mkwe mwenzangu, baba mzazi wa mume wa binti yangu. Alikuwa dereva wa malori, nami humwita Dereva, kwa heshima zote. Paa la nyumba yake linaezekwa upya, basi mke wangu akamkaribisha bila kuniuliza. Siku chache tu, alisema. Leo ya tisa.

Mimi: miaka thelathini na miwili masjala. Hakuna faili hata moja lililowahi kunipotea. Yeye: anajua kuiga honi ya lori kwa mdomo. Kidoti alipoulizwa atakwenda na nani, alisema atafikiri kwanza. Hapo hapo Dereva akapiga honi. Mtoto akagaagaa chini kwa kicheko. Hiyo ni rushwa!

Alasiri: wokovu. Binti yangu anasomea saikolojia, na daftari lake kalisahau mezani. Nimesoma nikiwa nimesimama. Kuna mikabala kadhaa ya kumwelewa mwanadamu. Wa kwanza unaangalia tabia. Mpe mbwa chakula kila kengele inapolia, na baada ya muda kengele peke yake itamtoa mate. Nina kengele ya baiskeli yangu ya zamani. Biskuti zipo kabatini.

Jumanne, 5 Mei

Kengele, biskuti. Kengele, biskuti. Kufika saa nne Kidoti alikuwa anakuja mbio kabla sijanyoosha mkono. Sayansi ni kitu kikubwa!

Saa tano muuza maziwa alipita na baiskeli, akapiga kengele yake. Kidoti akatoka nje kama mshale, akasimama mbele yake kinywa wazi. Muuza maziwa akampa salamu tu. Kilio kilisikika mtaa mzima. Nani alimbeba, akamfuta makamasi, akamrudisha ndani? Usiulize.

Halafu nikagundua jambo baya zaidi. Kila nilipopiga kengele, Dereva naye alikuwa anatokea. Amekula biskuti sita. Ananitazama kwa upendo sana. Nimemfunza asiyehitajika.

Mke wangu anauliza pakiti mbili zimekwenda wapi. Nimesema panya. Amesema panya huyo ana makombo kwenye masharubu.

Jumatano, 6 Mei

Nimeachana na tabia. Ni mambo ya juujuu. Mkabala wa pili unasema akili ina ghala la chini, mna mambo ambayo mwenyewe hayajui. Hutoka kwa ndoto, na kwa ulimi kuteleza. Vizuri. Nitaingia ghalani mwa Kidoti nijue anampenda nani.

Nilimlaza kwenye kochi, nikamwomba anisimulie ndoto. Alisema aliota mbuzi amevaa viatu. Moyo ulinidunda: Dereva ana kidevu chenye ndevu! Nikaandika: mbuzi ni Dereva. Nikamuuliza kwa upole mbuzi huyo alikuwa mbaya kiasi gani. Akasema hakuwa mbaya, alikuwa anakohoa tu kama mimi, na viatu vilikuwa vyangu. Nimefuta.

Chakula cha mchana. Dereva alikuwa anajipakulia sahani ya tatu. Nilikusudia kuonyesha ukarimu, nimwambie nafurahi sana ukiongeza. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, kwa sauti, mbele ya wote:

"Mkwe mwenzangu, nafurahi sana ukiondoka."

Mume wa binti yangu akainamia maji yake. Dereva akacheka mpaka akapaliwa, akasema mafundi wanamaliza Jumapili, nisiwe na haraka. Binti yangu hakucheka. Alinitazama kwa muda, akachukua kalamu, akaandika kitu. Bila shaka ni mambo ya masomo.

Alhamisi, 7 Mei

Siku moja imebaki. Mkabala wa leo una utu: mtu hustawi akipokewa bila masharti. Basi nimempokea. Kidoti alichora samaki ukutani. Nikamwambia, nakupokea kama ulivyo. Akaosha redio yangu kwa sabuni. Nikajikaza, nikampokea. Redio haijatoa sauti tangu hapo. Mke wangu akaingia, akaona ukuta, akasema yeye hapokei, na akatukabidhi tambara moja moja, mimi na mtoto.

Tulisugua. Dereva akachukua tambara la tatu bila kuombwa na kuanza kusugua akiimba. Kidoti akahamia upande wake. Roho iliniuma hadi bega likaniuma nalo.

Daftari pia linasema mahitaji ya binadamu yamepangwa kama ngazi, na aliyekosa usingizi hawezi kupanda. Kwa hiyo jana nilikuwa nimempa Dereva godoro lenye bonde katikati. Asubuhi hii ameniambia hajawahi kulala vizuri namna ile, amejiona yuko ndani ya lori lake. Amenishukuru mara mbili.

Ijumaa, 8 Mei

NIMECHAGULIWA! Asubuhi, meza nzima ikisikia, Kidoti amesema anakwenda na mimi. Nilivaa koti la kustaafia. Nilimtazama Dereva. Alikuwa ananipigia makofi, mnafiki.

Darasani. Viti vidogo, magoti yangu masikioni. Mwalimu akamwomba Kidoti aeleze babu yake hufanya nini. Nilitegemea masjala. Badala yake akakohoa kikohozi changu, barabara kabisa. Akajibanza nyuma ya mlango na kuchungulia kwa jicho moja. Kisha akakunja mikono nyuma, akatembea huku akinung'unika:

"Dereva huyu atakula mpaka kabati! Anajidai nini na honi yake!"

Watoto walishangilia. Mwalimu alisema, akiuma mdomo, kwamba watoto hujifunza kwa kuiga. Jambo hilo lipo ukurasa wa kumi na moja wa daftari. Sikuwa nimefika.

Hata hivyo, ushindi ni ushindi. Njiani nilimuuliza Kidoti kwa nini alinichagua mimi. Nilitaka nisikie tu.

Akasema: "Babu Honi aliniambia nikuchague. Alisema wewe ukikosa utalia chooni."

Nilisimama katikati ya njia. Kidoti akanivuta mkono, akauliza kama ndiyo nimeanza.

Basi hata hilo ni zawadi yake! Angalau angeshindwa kiume. Ameshindwa kwa wema, na wema huo kila mtu ana habari nao isipokuwa mimi. Sikula mchana. Dereva aliniwekea sahani, akaifunika.

Jumapili, 10 Mei

Dereva ameondoka. Amenipa mkono, amemshukuru mke wangu, ameniachia redio yake kwa sababu yangu imekufa. Ni nzuri kuliko yangu ilivyokuwa. Sijaiwasha. Nimeiwasha kidogo.

Binti yangu amemaliza insha yake ya chuo, akanipa niisome kabla hajaipeleka. Alisema ni haki yangu. Inahusu mikabala yote ya saikolojia, na mfano wake toka mwanzo hadi mwisho ni mzee mmoja, karani mstaafu, mwenye wivu. Kurasa tisa! Dereva ametajwa mistari mitatu. Nimehesabu mara mbili. Mistari mitatu!

Insha ni nzuri, ingawa ina makosa. Mwishoni ameeleza kwamba mtu akiwa na hisia asiyoweza kuikubali, humbandikia mwenzake, akaapa kuwa mwenzake ndiye mwenye nayo. Nilisoma aya hiyo polepole, na ukungu wote ukaondoka. Ni Dereva mtupu! Makofi yale, sahani ile, redio hii. Mtu hawi mwema hivyo bure. Ananionea wivu. Tena ameuficha vizuri sana: siku kumi na tano nyumba moja, sijauona hata mara moja.

Nimemweleza binti yangu ugunduzi huu. Ameomba insha yake, amesema kuna ukurasa wa kuongeza.

Wa kumi. Maskini Dereva, akisikia atajisikiaje?